Salamu za Mwezi wa Rozari kutoka Kibirizi

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu zangu wa jumuiya, na ninyi mliohamia Tabora, Dar na kwingineko, heri ya Sikukuu ya Bikira Maria wa Rozari. Huku Kigoma mvua za kwanza zimeshagonga mabati na vumbi limepungua. Mwezi wa kumi wa kwetu mnaujua. Ikifika saa kumi na mbili jioni, ukipita Kibirizi au Gungu unasikia Salamu Maria ikitoka uani, leo nyumba hii, kesho ile, na sanamu ya Mama inahamishwa ikiwa imefunikwa kitambaa cheupe, watoto wakigombania kubeba mshumaa.

Mwaka huu natuma salamu nikiwa nimebatizwa. Wengi mnanijua kama fundi wa injini za boti, mume wa yule mama anayeimba sauti ya pili. Maji nilimwagiwa mkesha wa Pasaka, baada ya kukaa ukatekumeni, yaani mafundisho ya kujiandaa kwa ubatizo, muda wa kutosha kuchekwa na watoto wa komunyo ya kwanza. Kwa rozari, sala hii ya kuhesabiwa kwa chembe za ushanga, bado niko chekechea, kwa hiyo salamu zangu nazielekeza hasa kwa wanachekechea wenzangu.

Niwape siri. Kwa miezi karibu sita nilijua nusu tu ya Salamu Maria, tena nusu ya pili. Kwenye jumuiya anayesalisha anasema yeye, "Salamu Maria, umejaa neema," anakwenda nayo mpaka "amebarikiwa," halafu sisi tunadakia, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu." Mimi nilikuwa hodari wa kudakia. Sauti nene, nakaa nyuma karibu na mlango, kila mtu anaona kaka ameiva.

Sasa usiku mmoja nimebaki peke yangu kibandani, nasubiri boti iliyoharibikiwa injini irudi, ziwa limechafuka. Nikatoa rozari mfukoni. Ishara ya Msalaba, sawa. Nasadiki, nikaipata kwa kuchechemea. Baba Yetu, hiyo naijua tangu utotoni. Nikashika chembe ndogo ya kwanza, kimya. Nimekaa kama mtu anayesubiri hodi ili aseme karibu. Mwishowe nikampigia mke wangu simu, nikamwambia, "Mama, anza tu." Hakuuliza. Akawa anaanza akiwa jikoni, nasikia mwiko unagonga sufuria, nami naitikia huku. Salio likakata kwenye Salamu ya saba. Tatu zilizobaki nilizianza mwenyewe, na hapo ndipo nilipoishika nusu ya kwanza. Boti nayo ilirudi, kwa makasia.

Hesabu ndiyo inayowatisha wageni, kumbe ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Chembe zote ni 59, ndogo 53 na kubwa 6. Ukianzia kwenye msalaba unakutana na kubwa moja, ndogo tatu za kuomba imani, matumaini na mapendo, kisha kubwa nyingine, ndipo unaingia kwenye duara la makumi matano. Kubwa ni Baba Yetu, ndogo ni Salamu Maria, na kila kumi likiisha ni Atukuzwe Baba. Mzee mmoja wa Ujiji, Mwislamu, mteja wangu wa siku nyingi, aliikuta juu ya meza ya vipuri akaihesabu kwa kidole. Akatoa tasbihi yake, "Yangu 99. Wewe umepunguziwa." Tulicheka, akanilipa deni la plagi.

Siku nazo zina mpangilio wake wa matendo, yaani matukio ya maisha ya Yesu na Mama yake ya kutafakari, moja kwa kila kumi. Jumatatu na Jumamosi ni Matendo ya Furaha, Jumanne na Ijumaa Uchungu, Jumatano na Jumapili Utukufu. Alhamisi ni Mwanga, matendo yaliyoongezwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2002, ndiyo maana vitabu vya zamani vya bibi zetu hamtayakuta. (Mtoto wangu aliuliza kama ni Mwanga hii ya sokoni, mtaa wa hapa Kigoma. Nikamwambia siyo, ila hata huko wanasali.)

Lakini msikwame kwenye hesabu. Mimi nilikwama, nikawa nasali kama mtu anayehesabu magunia ya dagaa, mpaka katekista alipoketi nami akaniuliza, "Tendo la pili la furaha, umeona nini?" Sikuwa nimeona kitu. Akanisomea Luka, kwamba Maria aliondoka akaenda kwa haraka mpaka nchi ya milima kumtembelea Elizabeti. Milima ninayoijua ni ya Manyovu. Tangu siku hiyo nikifika hapo namwona binti mdogo, mimba changa, kandambili, anapandisha kilima na kifurushi chake, na hakuna bodaboda. Salamu kumi zinaisha kabla hajafika juu.

Kusalisha kwenyewe nilipewa mwezi wa tano, nikasema Salamu kumi na moja kwenye kumi moja. Nikasikia kikohozi cha bibi mmoja. Nilipomwomba radhi baadaye akasema, "Mama hakatai salamu ya nyongeza, endelea."

Kanisa kuu letu hapa ni la Bikira Maria Mshindaji, na sikukuu hii ya tarehe 7 Oktoba ilianza kwa jina la ushindi, baada ya vita vya majini vya Lepanto mwaka 1571. Miaka miwili baadaye ikaitwa ya Rozari, na Papa Leo XIII akautenga Oktoba wote kwa sala hii mwaka 1883. Mambo ya merikebu za vita nawaachia wasomi. Ninachojua ni kwamba usiku wa giza, dagaa wakiwa wanavuliwa, uani kwetu wanabaki kina mama na watoto, na taa za wavuvi zinaonekana ziwani zimejipanga kama chembe. Ikija mbalamwezi wanaume wanarudi na maitikio yanakuwa mazito.

Nawatakia sikukuu njema, walio safarini wafike, wagonjwa wapate nafuu. Sanamu inafika kwetu Alhamisi. Binti yangu wa miaka sita ataanzisha kumi la tatu, na yeye nusu ya kwanza anaijua. Mkeka upo, chai ya tangawizi ipo. Ukichelewa usibishe hodi, ingia tu, kaa hapo nyuma nilipokuwa nakaa mimi, uitikie.