Rehema, mzuie asitume hiyo hela

Temeke, Dar es Salaam

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi, huku sote wazima. Habari ya mdogo wako kutaka kulipa ada ya kujiunga na Freemason, kile chama cha siri kinachosemwa kinatajirisha watu, imeninyima usingizi. Mabango ya kuwaita watu wajiunge nayaona kila siku. Moja la pale Tandika ni kipande cha bati kilichopigiliwa kwenye nguzo ya umeme, jicho ndani ya pembetatu, namba ya simu kwa rangi nyekundu. Ukipiga, unaambiwa ulipie fomu, kisha pete, kisha kinga. Hela ikishaingia, namba haipatikani.

Freemason wapo kweli, tena jengo lao liko Barabara ya Sokoine, watu wanapita mbele yake kutwa. Kiongozi wao Afrika Mashariki kwa miaka mingi alikuwa Andy Chande, Mtanzania mwenzetu. Basi mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, viwanda vya kusaga nafaka vya familia yake vilitaifishwa. Alikuwa tayari mwanachama, na hakuna kiapo kilichovizuia visichukuliwe. Kilichomrudisha kazini ni ujuzi: Nyerere alimkabidhi shirika la usagishaji la taifa kwa sababu kazi hiyo aliijua.

Na Uingereza, ambako chama chao kikuu kilianza 1717, aliyewaongoza kuanzia 1874 hadi 1901 ni mtoto wa Malkia Victoria, yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII. Ufalme alizaliwa nao, Rehema. Wakubwa wanaingia mle kukaa na wakubwa wenzao. Mafunzo yenyewe, alama na maneno yao ya siri, yalishachapishwa London tangu 1730, na waliosoma hawakugeuka matajiri.

Kinachoniuma zaidi ni sisi. Mtu akijenga ghorofa Mbezi Beach tunanong'ona, "Huyo kajiunga," na mazungumzo yanaishia hapo. Tenda aliipataje? Kiwanja kilikuwa cha nani? Nani alisaini? Hakuna anayeuliza. Anayekula hela ya umma anaupenda uvumi huo, maana unamwacha salama, na mtoto wa watu anabaki kuamini kilichomkosesha ni fomu tu.

Mzuie asitume hata shilingi. Shemeji yako anatafuta kijana wa kumsaidia gereji. Aje mwisho wa mwezi, atalala hapa kwetu. Nipigie ukishaongea naye, hata kama ni usiku.

Wako,
Mwajuma