Kwa nini tunalipisha kwa "fanksheni moja tu"

Tunaharakisha programu za hesabu za wateja, na lalamiko ni lile lile: mteja anafungua faili tuliyomrudishia, anakuta fanksheni moja tu (kipande cha msimbo kinachopokea thamani na kurudisha jibu) ndiyo iliyobadilika, anauliza pesa yake imekwenda wapi.

Programu inayotatua milinganyo tofautishi (hesabu za jinsi kitu kinavyobadilika kadiri muda unavyopita), tuseme modeli ya kuenea kwa malaria, haijui malaria ni nini. Kwa kila hatua ya muda inarudi kwenye fanksheni yako kuuliza wagonjwa wanaongezeka kwa kasi gani. RK45, njia ya utatuzi ambayo solve_ivp, kitatuzi cha SciPy (maktaba ya hesabu ya Python), huitumia usipochagua nyingine, huuliza mara sita kwa hatua. Zidisha kwa maelfu ya hatua, halafu kwa kila seti ya vigezo unayojaribu. Hesabu yenyewe ni ndogo. Kinachokula muda ni Python kuingia na kutoka kwenye fanksheni hiyo kila mara. Ndiyo maana tunaikompaili, yaani tunaigeuza kuwa lugha ya mashine. Na kwa kuwa solve_ivp nayo huendesha hatua zake kwa Python, mara nyingi tunahamishia kazi yote kwenye LSODA, kitatuzi kilichokompailiwa tayari, inayoiita fanksheni hiyo moja kwa moja. Kwa wanaotumia lugha ya R, maktaba yake ya deSolve hupokea fanksheni iliyoandikwa kwa lugha ya C bila shida.

Wanaokwepa bei yetu hununua kompyuta yenye koa nyingi (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba). Kwa utatuzi mmoja haisaidii, maana hatua ya pili haianzi ya kwanza haijapata jibu. Wengine hulegeza rtol, kiwango cha kosa kinachoruhusiwa, wakati ile ya solve_ivp usipoibadilisha ni 1e-3, tayari imelegea.

Mwanafunzi mmoja wa uzamili alijibandikia mwenyewe @njit, alama inayoiambia Numba, kikompaili cha Python, ikompaili fanksheni. Ilikimbia kweli. Ila beta, kasi ya maambukizi, aliiacha nje ya fanksheni, na Numba huigandisha thamani ya nje pale inapokompaili. Akabadilisha beta kutoka 0.2 hadi 0.6, grafu zikalaliana, akaandika kwamba beta haina athari. Sura nzima ya tasnifu ikarudiwa, na gharama ikapita ile aliyoikimbia.

Sisi beta tunaipitisha kama hoja ya fanksheni, yaani thamani inayopewa upya kila inapoitwa. Kisha tunaendesha msimbo wa zamani na mpya kwa rtol 1e-9, tunalinganisha safu kwa safu, na kugusa kila kigezo tuone kama jibu linasogea. Saa nyingi za ankara ziko hapo.

Ukija, leta majibu yako ya zamani na vigezo vyake. Usipokuwa navyo tutavitengeneza kwanza, na muda huo utalipiwa.