Dagaa wangu hawana ndagu

Mhariri,

Huku Kanda ya Ziwa, kijana akianza kuongea peke yake na mzazi wake ana biashara inayokwenda, watu hawaulizi mara mbili: katolewa ndagu, yaani kafara ya kutafutia utajiri. Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mwanangu alianza kuumwa akiwa kidato cha tatu. Usiku halali, anasema redio ya jirani inamtangaza jina. Hospitali wakatuambia ni skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mara nyingi huanza ujanani. Sokoni walishaamua kwamba nimemla ili nipate mtaji.

Mteja wangu wa jumla, tuliyezoea kuhesabiana noti mkononi, sasa ananitumia hela kwa simu hata akiwa kasimama mbele yangu. Chenji hapokei, anasema niache tu. Kwenye kikoba zamu yangu ya mkopo inarukwa, na hakuna anayesema sababu. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928 na inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi, lakini nani atampeleka mteja wake polisi?

Haya yangeishia kwangu ningenyamaza. Ila mzazi akiogopa kusemwa anamfungia mtoto chumba cha uani, au anazunguka naye kwa waganga, mwaka unakatika kabla hajafika kliniki. Na ugonjwa huu ukicheleweshwa, kuutuliza kunakuwa kazi kweli kweli.

Msidhani ni ushamba wetu. Mwaka 1948 huko Marekani, daktari Frieda Fromm-Reichmann aliandika kwamba chanzo cha skizofrenia ni mama aliyemlea mtoto vibaya, na akina mama wakabeba lawama hiyo kwa miaka mingi. Leo inajulikana kwamba ni ugonjwa wa ubongo, na kurithi kunachangia. Najua wapo watakaodakia hapo hapo: “ukoo wa vichaa.” Kisukari nacho kinatembea kwenye koo, mbona hakivunji uchumba?

Wachungaji na masheikh, acheni kuwasimamisha akina mama mbele za watu waungame walichomfanyia mtoto. Mkituelekeza kliniki na dua mkaendelea nayo, sisi hatuikatai.

Na wenzangu wa kikoba: Jumamosi nakuja na hisa zangu kama kawaida. Ombi langu la mkopo wa chanja za kuanikia lipo kwenye daftari tangu Machi. Lisomwe.

Mama wa Mwaloni (jina limehifadhiwa),
Kirumba, Mwanza