Malalamiko: abiria wasionunua ziara kuzuiwa kushuka Zanzibar

Kisumu

Kwa Meneja Mkuu,
Idara ya Safari za Meli

Bwana/Bibi,

MINT: ABIRIA WETU KUNYANG'ANYWA ZAMU YA KUSHUKA MJI MKONGWE

Natumai hamjambo. Ninaandika kwa niaba ya kikundi chetu kilichosafiri na meli yenu kutoka Mahé, Ushelisheli, hadi Mombasa kupitia Zanzibar. Masharti yenu sitayarudia kwa sababu mliyaandika nyinyi wenyewe. Nataka tu nielezwe ni nani alimruhusu afisa wa ngazini kumnyang'anya mama mzee tiketi yake mbele ya umati.

Meli ilitia nanga nje na abiria wakashushwa kwa mashua. Aliyetaka kutembea mjini bila ziara yenu alichukua tiketi ya namba ukumbini, akasubiri kuitwa. Namba ya mwalimu mstaafu wa kikundi chetu, ambaye sote tunamwita Mama, ikaitwa. Alipofika ngazini, afisa akamwuliza stika wanayobandikwa waliolipia ziara. Hakuwa nayo. Afisa akaitoa ile tiketi mkononi mwake, akaitia mfukoni, akamwambia: "Hujalipia ziara, rudi ukakae. Huko mjini utapotea, na huna wa kukutafsiria."

Alimwambia hayo kwa Kiswahili, na mji wenyewe ni Zanzibar.

Tuanze na huko kupotea. Ukishuka Malindi ya Unguja, bandarini, na kutoka getini, unashika kulia na kuifuata barabara ya Mizingani, bahari ikiwa mkono wako wa kulia. Kushoto unapita Dispensari ya Zamani yenye roshani za mbao zilizochongwa, mbele kuna Mtini, penye mti mkubwa, kisha kushoto tena Kasri ya masultani, Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) na Ngome Kongwe. Bustani ya Forodhani iko upande wa bahari. Kwa mwendo wa mtu mzima haifiki dakika ishirini, na hakuna kona ya kumchanganya mtu. Kutoka Ngome Kongwe unaingia vichochoroni kuelekea Mkunazini, kwenye kanisa la Kianglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, soko lililofungwa 1873. Kutoka hapo Darajani si mbali. Ukishafika soko la Darajani, lililojengwa 1904, unaifuata barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wazee bado wanaiita Creek Road, kwenda kaskazini hadi urudi Malindi ulikoanzia. Vichochoroni kila mtu hupotea kidogo. Dawa yake ni kushika upande mmoja bila kugeuka, kwani lazima utatokea baharini au barabara hiyo ya Mkapa. Papasi, wale vijana wanaowaandama wageni kutaka kuwaongoza, watakufuata getini, lakini ukiwajibu kwa Kiswahili kwamba unajua njia, wengi watakuacha uende zako. Mama alikuwa na dera, leso na kadi yake ya njano ya chanjo. Wateja wenu wenye stika walishuka na kaptula hadi Mkunazini, mahali ambapo mabega na magoti yaliyofunikwa ni adabu tu ya kawaida.

Hiyo ndiyo njia mliyomwambia mama yetu kwamba hataiweza bila kulipa dola 79.

Na waliolipa hizo dola 79 walipata nini? Karatasi yenu ya ziara iliahidi "kuingia Beit al-Ajaib". Sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, likafungwa kwa ukarabati. Wateja wenu walionyeshwa uzio. Karatasi hiyohiyo iliahidi "vyakula vya Forodhani" asubuhi, ilhali wauzaji wa Forodhani hupanga meza zao jua likielekea kuzama, wakati ambao meli yenu imeshaondoka. Mtu mwenye njaa mchana angeelekezwa kwenye urojo, ule mchuzi mzito wa Zanzibar, mitaani, lakini nadhani urojo hauna kamisheni.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Ijumaa Zanzibar maduka mengi hufungwa kuanzia saa sita watu wakienda msikitini, kwa hiyo asubuhi ndiyo yenye thamani. Nyinyi mliwashusha kwanza watu wote wa mabasi, kundi baada ya kundi, hata makundi ambayo mabasi yao hayakuwa yamefika gatini. Wenye tiketi za namba wakakalishwa ukumbini hadi saa tano, saa za Zanzibar. Walipofika Darajani, milango ilikuwa inafungwa. Hata huku kwetu Ziwa Victoria, kwenye feri ya Luanda Kotieno kwenda Mbita, mwenye kapu la omena, yaani dagaa, haambiwi ampishe mwenye koti.

Nimesema saa za Zanzibar kwa makusudi. Karatasi yenu ilisema mashua ya mwisho ni saa kumi na nusu. Saa kumi na nusu ya wapi? Meli ilibaki na saa za Ushelisheli, ambazo ziko mbele ya Zanzibar kwa saa moja. Simu hujibadilisha zenyewe zikishika mtandao wa nchi kavu. Kwa hiyo meli ikisoma saa kumi na nusu, simu ya abiria mjini inasoma saa tisa na nusu, naye anajiona bado ana saa nzima ya kuzunguka. Hili ni jambo la mstari mmoja wa wino juu ya karatasi: rudini kwa saa za meli. Vijana wetu wawili walikuta mashua ya mwisho imeshafunguliwa kamba. Walipona kwa sababu basi lenu la ziara ya mashamba ya viungo nalo lilikuwa limechelewa, na basi lenu lazima mlingoje. Kama si viungo, wangelala Malindi na kujitafutia boti ya kwenda Dar es Salaam kwa pesa zao, na pasipoti zao zingekuwa zimefungiwa kwenu melini.

Nirudi ngazini, maana ofisi yenu ya hapa Kisumu ilinijibu kwa simu kwamba kulikuwa na "kutoelewana kidogo". Hapakuwa na kutoelewana kokote. Namba iliitwa kwa kipaza sauti. Mama alisimama, akapita katikati ya viti akiwa ameishika tiketi juu ili ionekane. Nyuma yake palikuwa na foleni, mbele yake mashua yenye viti vitupu, injini inanguruma. Afisa hakumwomba tiketi. Aliichomoa katikati ya vidole vyake, hakuitazama hata namba, akaitia mfuko wa shati. Mama akasema, "Mwanangu, hiyo ni yangu." Akajibiwa, "Hujalipia ziara, rudi ukakae." Watu wakacheka. Mwanamke aliyefundisha watoto wa watu miaka yote hiyo akageuzwa kama mtoto aliyekosa karo, akarudi kupita katikati ya vilevile viti. Mashua ikaondoka na viti vyake vitupu. Ada ya bandari ya Zanzibar mlishaikata kwenye nauli yake kabla hajapanda ndege kutoka Kisumu.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba mambo mawili: Mama aombwe radhi kwa maandishi, kwa Kiswahili, barua ikiwa na sahihi ya meneja wa meli, na wote waliozuiwa ukumbini warudishiwe ada ya bandari. Kwa kuwa ofisi yenu imeita haya "kutoelewana kidogo", madai yameongezeka. Tunataka pia robo ya nauli ya kila mwanachama, gharama ya ziara kwa waliouziwa jengo lililofungwa, na ahadi ya maandishi kwamba tiketi za mashua zitafuata namba, na kwamba kila karatasi ya bandari itasema ni saa za meli au za nchi kavu.

Mna siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita, tutakwenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, nasi tutajisimamia wenyewe. Tutakwenda na Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya, kinachompa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika na fidia ya hasara, pamoja na karatasi yenu ya ziara na majina ya mashahidi waliokuwa kwenye foleni. Vikundi vya Nakuru, Kakamega na Kericho vinavyopanga safari kama hii vimeshaomba nakala ya barua hii. Nimeahidi kuwatumia siku ya kumi na tano, ama na jibu lenu, ama bila jibu lenu.

Katibu,
kwa niaba ya kikundi

Nakala: Mama