Kabla hamjaja Bagamoyo, tazama mwezi

Mpendwa Mama Zuhura,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, alhamdulillahi, na Bibi mfikishie shikamoo yangu. Nimepata ujumbe wako na nakujibu upesi, maana kwa ratiba hiyo uliyopanga watoto watarudi Korogwe bila kuogelea. Umeandika saa nne asubuhi baharini, adhuhuri magofu. Geuza, shoga yangu, geuza yote!

Jumamosi hiyo ni mwezi 15, mwezi mpevu, bamvua, yaani siku za maji kupwa na kujaa kupita kawaida. Siku za bamvua maji ya hapa hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Tena pwani yetu haina mteremko, kwa hiyo yakipwa yanakwenda mbali sana, unabaki mchanga na tope, na mashua zimelala ubavu. Watoto watayafuata huko huko, na hilo ndilo ninaloliogopa kuliko mawimbi. Toka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache. Saa ya kwanza maji hupanda kidogo tu, mtu akadhani bado ana muda. Saa ya tatu na ya nne ndizo zinazoleta nusu nzima ya kimo, na kimo cha bamvua kinapita mita 3. Mtoto aliyesimama juu ya fungu la mchanga hushtukia maji yameshamzunguka kwa nyuma. Basi waingie kuanzia saa nane na nusu, watoke saa kumi na moja. Wafundishe kuburuta nyayo badala ya kukanyaga, kwa sababu samaki taa hujifukia mchangani na mwiba wake si mchezo. Maji yakiwa na rangi ya udongo msishangae, mto Ruvu unamwaga hapo kaskazini, hasa wakati wa masika.

Asubuhi nendeni kwenye magofu ya Kaole, kilomita 5 hivi kusini ya mji, kabla jua halijawa kali. Chukueni bajaji, na mwelewane na dereva awarudie. Msipite ufukweni kwa miguu na mikoba, njia ile ni pweke. Msikiti mkubwa ni wa karne ya 13, na makaburi ni 22, moja lina nguzo ndefu. Waonyeshe watoto mikoko iliyo mbele yake: palikuwa bandari pale, mchanga na mikoko vikaiziba, biashara ikahamia Bagamoyo. Bibi apelekewe leso ya ziada, watu bado wanazuru makaburi yale. Kiingilio cha mwananchi si sawa na cha mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho.

Mjini msikimbizane na kila jengo. Ngome Kongwe ya 1860 na Boma la Wajerumani la 1897 zinatosha, na mji huu ulikuwa makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Kisha misheni ya 1868, hapo kaeni kwa utulivu. Kuna kivuli, kuna makumbusho, na mnara ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba toka bara kwa miezi mingi. Nataka Zuhura ayasikie majina hayo mawili akiwa amesimama pale pale. Shuleni humtaja yule aliyebebwa...

Chakula cha mchana, samaki wa kukaanga pale soko la samaki. Chagua mwenye macho angavu, akaangwe unaona. Kisha bahari.

Ila kama shemeji hajapata ruhusa kazini na mtaahirisha wiki moja, mwezi 22 au 23, hesabu inapinduka: kila siku maji huchelewa kama dakika 50, hivyo yatajaa mnamo saa nne asubuhi. Hayo ni maji mafu, hayaendi mbali, ni mazuri hata kwa Bibi kulowesha miguu. Hapo ndipo ratiba yako ya kwanza ingefaa, ila Kaole mwende jioni badala ya adhuhuri.

Njia: msiende mpaka Chalinze. Pale Msata kateni kushoto, kilomita 64 za lami, mmefika. Lakini mtoke Ijumaa mlale huku, kwani mkitoka Jumamosi alfajiri asubuhi ya Kaole itaishia barabarani.

Sasa nijibu: mnakuja wangapi, na Mama Rehema yumo? Goti la Bibi linaruhusu ngazi, au nitafute chumba cha chini? Yule mdogo anajua kuogelea au anajidai tu? Mna gari au mtapanda basi? Na shemeji amepewa ruhusa ya wiki ipi, hii ya bamvua au ile ya maji mafu? Hilo lijibu kwanza, vyumba vya mwisho wa wiki huwahiwa.

Wako,
Mama Salum