Ribera del Duero Inataka Nyama Yenye Mafuta

Wateja wanaonunua mvinyo mwekundu wa Ribera del Duero kwa mara ya kwanza hurudi dukani na lalamiko moja: unakakasa mno, kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Ni kweli, unakakasa. Ila tukiwauliza waliunywaje, majibu hufanana. Chupa ilikaa juu ya kabati wiki nzima, ikafunguliwa sebuleni jioni ya joto, mvinyo ukanywewa mtupu, bila chakula.

Mvinyo huu unatoka kaskazini mwa Hispania, kandokando ya mto Duero, kwenye uwanda wa juu wa Castilla. Mashamba mengi yako mita 700 hadi 900 na ushei juu ya usawa wa bahari. Wakati wa kiangazi jua la mchana huchoma, na usiku baridi hushuka ghafla. Zabibu yake ni Tempranillo, wenyeji huiita Tinto Fino, na katika hali hiyo ya hewa hutoa mvinyo mzito wenye rangi nzito na kilevi cha asilimia 14 au zaidi. Ukakasi unatokana na tanini iliyomo kwenye maganda na mbegu, na nyingine huongezwa na mapipa ya mwaloni.

Tanini hukamata protini za mate, ndiyo maana ulimi hukauka. Ukitangulia kula nyama yenye mafuta na chumvi, makali hupungua na ladha ya tunda hujitokeza. Watu wa Aranda de Duero na Peñafiel, miji ya huko, wanalijua hilo kwa tumbo. Chakula chao cha heshima ni lechazo, mwanakondoo anayenyonya bado: robo nzima hulazwa kwenye bakuli la udongo, hutiwa chumvi na maji kidogo, kisha huingia tanuri la kuni hadi ngozi inakauka na kuvunjika kwa kidole. Pembeni kuna mkate na saladi ya majani. Basi.

Kwa meza zetu, cha kwanza ninachopendekeza ni mbavu za mbuzi choma, zile zenye mafuta yanayodondokea mkaani, kwa chumvi peke yake. Mguu wa kondoo wa kuoka nao hauna shida. Mishkaki inategemea umeiloweka kwenye nini. Ikiwa ni ukwaju na pilipili nyingi, acha. Pilipili na kilevi kikali huchocheana, mdomo unawaka na mvinyo unaonekana mchungu. Samaki ndiyo usijaribu kabisa, kwa sababu mvinyo mwekundu wa namna hii humwachia ladha ya chuma. Kwa kuku wa nazi chukua mweupe, tunayo. Asiyekula nyama apike uyoga na biringanya za kuchoma, au akate jibini gumu la maziwa ya kondoo.

Halafu joto. Wazungu wakisema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumbani, chumba chao si cha Dar es Salaam. Unataka nyuzi 16 hadi 18. Ukiwa na nyuzi 30, kilevi hupanda puani na kufunika kila kitu. Weka chupa kwenye friji saa moja na zaidi, au kwenye ndoo ya maji na barafu kwa dakika 15 hadi 20. Ukituambia mapema, tunakupozea dukani bila malipo.

Kwenye lebo utaona daraja la ukomavu. Roble imekaa pipani miezi michache tu. Crianza imekomaa angalau miaka 2, mmoja wake pipani. Reserva miaka 3, Gran Reserva miaka 5 na miwili kati yake ni ya pipani. Kwa choma nunua Crianza. Gran Reserva imeshatulia, na moshi wa mkaa utaimeza bure. Jina la Vega Sicilia, nyumba ya mvinyo ya huko iliyoanza mwaka 1864, mtalisikia sana. Bei yake si ya Jumamosi ya kawaida.

Chupa ikibaki nusu, rudisha kizibo uiweke kwenye friji. Siku ya pili hadi ya tatu bado inanyweka, na Roble changa wakati mwingine hulainika zaidi. Ikipita hapo, mimina kwenye mchuzi wa nyama.