Mkojo wa kichocho tusiumwage wote

Ndugu Mhariri,

Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2024 walipewa Wamarekani wawili, Victor Ambros na Gary Ruvkun, kwa kugundua maikroRNA. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Chake Chake, na naona jambo hili linatuhusu sisi Wapemba hasa, kwa sababu ya kichocho.

RNA tunayoifundisha skuli hubeba agizo la jeni ili protini itengenezwe. MaikroRNA ni vipande vidogo mno, herufi 22 hivi tu, na havitengenezi protini yoyote. Kazi yao ni kuzuia: kipande hujishika kwenye RNA yenye agizo, na agizo lile ama huharibiwa au halisomwi. Cha kwanza kilionekana mwaka 1993 katika mnyoo mdogo wa udongoni, na kwa miaka kadhaa ikadhaniwa ni mambo ya mnyoo yule peke yake. Mwaka 2000 kikapatikana chengine, let-7, ambacho hata sisi binadamu tunacho.

Saratani ikaingia mwaka 2002. George Calin na Carlo Croce walikuwa wakichunguza saratani ya damu inayowapata zaidi wazee, ambayo mara nyingi kipande cha kromosomu ya 13 hupotea. Kumbe ndani ya kipande hicho mlikuwamo maikroRNA mbili, miR-15 na miR-16. Baadaye ikajulikana kwamba hizo huidhibiti BCL2, protini inayozizuia seli zisife. Zikitoweka, seli zilizopaswa kufa hubaki na kurundikana. Nyengine hudhuru kwa kuzidi: miR-21 huongezeka katika saratani nyingi na kuzizima jeni ambazo zingezuia uvimbe usikue.

Sasa tuje kwetu. Tangu mwaka 1994 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wamemweka mnyoo wa kichocho cha mkojo katika orodha ya visababishi vya saratani. Mayai yake hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kuujeruhi miaka nenda miaka rudi. Aliyewahi kuona upimaji skuli anajua unavyokwenda: mtoto hupewa kikopo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi; mililita 10 huvutwa kwa bomba la sindano na kusukumwa kwenye kichujio, na mayai yenye mwiba mkiani huhesabiwa kwa hadubini. Mkojo uliobaki humwagwa.

Katika mkojo kama huo maikroRNA zimo, na hazivunjiki upesi kama RNA nyengine. Saratani ya korodani tayari inaweza kutambuliwa kwa kupima miR-371 katika damu. Lakini utafiti mwingi wa maikroRNA za saratani ya kibofu umefanywa Ulaya na Marekani, ambako kisababishi kikubwa ni sigara, na saratani yao kwa kawaida si ya aina ile inayoletwa na kichocho. MaikroRNA zilizoonekana kwao kuwa alama za saratani huenda zisitufae. Za kwetu zitajulikana kwa kuwapima watu wetu, na si watoto tu: kuna watu wazima waliooga mitoni na kulima mpunga mabondeni tangu utotoni, ambao sasa wamepindukia miaka hamsini.

Naomba Wizara ya Afya, maabara ya afya ya jamii iliyopo Wawi hapa Pemba na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakae pamoja juu ya hili. Watu wazima waombwe ridhaa kwa Kiswahili kinachoeleweka, sehemu ya mkojo wao igandishwe, na vijana wetu wafundishwe kuupima hapa hapa. Sampuli zikibidi kwenda nje, kijana mmoja wa Pemba aende nazo.

Siahidi dawa. Jaribio la kuwatibu wagonjwa wa saratani kwa miR-34 ya kutengenezwa lilisimamishwa mwaka 2016, baada ya kinga za miili ya baadhi yao kuvurugika vibaya, na wengine wakafariki. Ninachotaka ni saratani ya kibofu ijulikane mapema, kabla mgonjwa hajapandishwa boti kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, akiwa hoi. Na anayekojoa damu leo asingoje utafiti wowote. Aende kituo cha afya cha shehia yake wiki hii.

Mwalimu wa Baiolojia,
Chake Chake, Pemba